Gesti niliyoijengea gesi, makaa ya mawe ndo yanailipia umeme

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu kanipigia simu kutoka Lindi, anahema kama mtu aliyekimbizwa na nyuki, "mamdogo kuna kiwanja huku Mitwero, milioni nne tu, mwenyewe ana shida, mwakani hicho kiwanja hukigusi, mradi wa LNG unaanza". LNG ndo ule mtambo wa kugeuza gesi ya baharini iwe maji ipakiwe melini. Nikamwambia subiri nikae kwanza. Nikakaa kwenye kiti cha mapokezi, kiti hichohicho nilichonunua 2014 kwa ajili ya wazungu wa gesi, nikacheka mpaka mhudumu wangu akaja kuangalia kuna nini.

Sasa ngoja niandike hii habari yote manake kila mwaka kuna mtu ananiuliza na mi nachoka kurudia.

Mimi ni mtu wa Mtwara, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapahapa mjini. Gesi kwetu sio habari ya jana. Songo Songo iligunduliwa 1974, hii yetu ya Mnazi Bay pale Msimbati 1982, ikakaa ardhini miaka zaidi ya ishirini hakuna wa kuitaka, mpaka 2006 hivi ndo ikaanza kutupa umeme hapa mjini. Kwa hiyo tulishaizoea, ilikuwa kama ndugu tajiri asiyekujaga nyumbani. Kilichotuchanganya akili ni ile ya bahari kuu, kuanzia 2010 mpaka 2013, kila baada ya miezi michache redio inasema wamepata tena, wamepata tena, mwisho hesabu ikafika futi za ujazo trilioni 57. We mwambie mwalimu wa daraja la tatu A futi za ujazo trilioni 57. Sikujua ni kitu gani lakini nilijua ni nyingi.

Na macho yalikuwa yanaona. Meli za kuhudumia wachimbaji zinaingia bandarini, helikopta inapita juu ya darasa watoto wote wanakimbilia dirishani, ndege ya Dar inajaa, Shangani nyumba zinapangishwa kwa dola, mtu anahamishia familia uani nyumba ya mbele anampa mgeni. Gesti za elfu kumi na tano zikapaka rangi zikaweka AC zikawa elfu sitini, na bado unaambiwa vimejaa. Mi mwenyewe nilikuwa na kiwanja Naliendele nilinunua milioni mbili na nusu, akaja mtu kanitajia kumi na nane nikamwangalia kama ananitukana.

Basi na mimi nikaingia. Kiwanja cha urithi tulikuwa nacho, hati ipo, benki wakasema sawa. Mkopo wa milioni themanini na tano, riba asilimia kumi na tisa, miaka mitano. Vyumba kumi na vinne, vyote self. Mjomba wangu mkubwa, mkulima wa korosho huko Newala, nilimfuata kumuaga kama desturi, akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "njomba, hao wageni umeshawaona wamesaini wapi kwamba watalala kwako?" Nikamwambia mjomba mji mzima umejaa. Akasema, "mkorosho ukitoa maua kila mtu anakopa. Ubwiri unga ukipita kwenye maua unabaki na majani na deni". Nikaona ni uzee. Ubwiri unga kwa asiyejua ni ule ugonjwa unaoshika maua ya mkorosho kama umemwagiwa unga, mwaka huo huvuni kitu. Nimeishi Mtwara maisha yangu yote nikashindwa kuelewa mfano wa korosho.

Mwisho wa 2012 yakaanza maandamano. Watu walikuwa wamesikia bomba linajengwa kupeleka gesi Dar na wao walikuwa wanategemea viwanda vitajengwa hapa, kila ukuta "gesi haitoki". Mimi sikuandamana ila sitaki kujifanya nilikuwa upande mwingine, rohoni nilikuwa nao. Halafu Mei 22 mwaka 2013, siku ya bajeti ya nishati bungeni, mji ukawaka. Tulijifungia chooni na wanangu wawili manake ndo chumba pekee hakina dirisha kubwa, moshi wa mabomu ya machozi unaingia chini ya mlango, mdogo anakohoa namlowanishia khanga namfunika usoni. Kule saiti nilikuwa na mabati bando kumi na mbili na saruji. Nilivyoenda siku tatu baadaye mabati nilikuta manne. Sikumlaumu mtu. Fundi akasema dada tushukuru nondo ni nzito.

Bomba likajengwa, inchi 36, karibu kilomita 500, kutoka Madimba huku kwetu mpaka Kinyerezi Dar, likazinduliwa Oktoba 2015. Hapo nilikuwa najipa moyo, nikasema ujenzi una watu wengi, watalala wapi. Walilala kambini kwao. Walikuja na makontena ya kulala, mpishi wao, hadi bustani ya mchicha walilima wenyewe. Kitu pekee walichonunua mtaani kwetu ni vocha na kuku wa kienyeji, tena kuku walikuwa wanachagua.

Gesti ilikamilika Julai 2014. Kumbuka hiyo tarehe. Wanaofuatilia mafuta wataanza kucheka hapa: Juni 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola mia, na baada ya hapo ndo likaanza kushuka.

Ila kabla sijajua hayo nilipigania tenda. Rafiki yangu alikuwa anafanya usafi kwenye ofisi ya kampuni mojawapo akaniambia wanatafuta sehemu za kulaza mafundi wa kupita, peleka barua. Nikapeleka. Septemba wakaja watu wawili, mzungu mmoja na dada mmoja wa Kitanzania, wote na viatu vile vizito vya chuma. Mi nimejipanga, nimepika biriani, shuka nyeupe mpya sitini nimezitoa Kariakoo nimetandika vyumba vyote, maua ya plastiki mezani. Shuka hawakuzigusa. Yule dada alishika mkanda wa kupimia akapima ngazi zangu, ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, akaandika. Ngazi zilikuwa hazilingani urefu. Akauliza mlango wa dharura uko wapi, nikamwonyesha wa jikoni, akasema huo unafungwa kwa kufuli usiku, nikamwambia ndio kwa sababu ya vibaka, akaandika. Kengele ya moshi hamna. Maji ya kisima yamepimwa maabara lini, sijawahi kupima, tunakunywa. Jenereta liko mita mbili tu kutoka dirisha la chumba namba tisa, akaandika sana hapo. Mtungi wa kuzimia moto nilikuwa nao mmoja mwekundu mzuri, akaugeuza akaangalia nyuma, akaniuliza umefanyiwa sevisi lini. Mimi nilikuwa sijui kama ile mitungi inafanyiwa sevisi.

Biriani walikula lakini, mzungu kaongeza mara mbili.

Ikaja barua pepe kurasa tatu. Sikuwaona wabaya, nawaambia ukweli, ile karatasi ilinifundisha kuliko semina zote za ujasiriamali nilizokaa. Kila kiongozi akija anasema wazawa changamkieni fursa za gesi, hakuna hata mmoja aliyewahi kutuambia kwamba fursa yenyewe ina urefu wa ngazi. Wale watu biashara yao ni hatari tupu, mtu mmoja akiungua wanasimamisha kazi, kwa hiyo wanataka kila kitu kiwe na karatasi, mboga ina karatasi, dereva ana karatasi, maji yana karatasi. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anataka kuwauzia mayai alikwama kwa sababu kuku wake hawana rekodi. Nikabomoa ngazi nikajenga upya, nikahamisha jenereta, mtungi nikaupeleka ukafanyiwa sevisi ukabandikwa stika. Milioni nne na nusu nyingine. Namaliza tu, Februari 2015, napiga simu, naambiwa yule dada hayupo tena, ofisi inapunguza watu.

Hapo ndo nilipokuja kupata elimu. Kulikuwa na kijana mmoja mjiolojia, Mchaga, alilala kwangu wiki tatu akisubiri kujua kama mkataba wake unaongezwa au anarudi nyumbani. Mgeni wangu wa kwanza wa gesi na alikuwa anajilipia mwenyewe. Jioni tukawa tunakaa barazani, akachukua kitabu cha wageni akachora ukurasa wa nyuma, bado ninao. Akaniambia mama hii gesi iko mbali baharini na chini sana, maji tu kabla hujafika kwenye udongo yanapita kilomita mbili baadhi ya sehemu. Huwezi kuibeba kwa ndoo. Inabidi uilete nchi kavu uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri iwe maji, ndo inapungua ujazo mara 600 inaingia melini. Huo mtambo ni mabilioni ya dola, na hakuna anayeujenga kabla hajapata mnunuzi wa kusaini miaka ishirini mbele. Na bei ya gesi ya namna hiyo mikataba mingi inafuata bei ya mafuta, mafuta yameanguka, Marekani nao wanajiandaa kuuza, Qatar wapo, jirani Msumbiji wamepata nyingi kuliko sisi. Kwa hiyo hawa hawajakimbia, wamesogea pembeni, gesi haiozi.

Nikamuuliza sasa wale wote niliokuwa nawaona mjini 2012 walikuwa nani. Akasema walikuwa watu wa utafiti. Meli ya kuchimba inakuja, inachimba kisima, inapima, inaondoka, inaenda nchi nyingine. Gharama yake kwa siku moja tu ni kubwa hivyo haiwezi kukaa kuangalia mandhari. Mlihesabu wapita njia mkadhani ni wakazi.

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nilikuwa nimeyalipia milioni themanini na tisa na nusu.

Baada ya hapo we acha tu. Mwanzoni mwa 2016 pipa likashuka chini ya dola thelathini, mwaka huohuo kampuni ya Shell ikamaliza kuinunua BG, kampuni iliyokuwa mmoja wa wakubwa wa vitalu vyetu vya gesi baharini, kila kitu kikaanza upya, ofisi mpya, watu wapya, mazungumzo upya. 2017 zikaja sheria mpya za rasilimali, na mimi sio wa kusema zilikuwa mbaya, nchi ina haki ya kuangalia mali zake, ila kila kitu kikisubiri sheria na mimi nasubiri na benki haisubiri. Marejesho yalikuwa milioni mbili na laki mbili kila mwezi. Kuna mwezi niliuza vyumba ishirini na tatu tu, mwezi mzima, chumba elfu ishirini, piga mwenyewe. Mshahara wa ualimu wote unaenda. Wakaja kubandika karatasi getini, karatasi ya pinki, majirani wote wanasoma. Kiwanja cha Naliendele kile cha milioni kumi na nane nikakiuza sita, na mnunuzi akaniomba nimpunguzie laki mbili za usafiri.

Kilichoniokoa ni korosho, mjomba asisikie. Msimu ukifika Oktoba mpaka Januari mji unajaa wanunuzi, mawakala, watu wa maghala, Wahindi, Wavietnam, madereva, na hao hawapimi ngazi, wanauliza feni inazunguka? maji yanatoka? parking ya lori ipo? Nikaacha kutafuta wazungu. Na korosho nayo ina vituko vyake, msimu wa 2018 bei ilikwama serikali ikanunua yote kwa 3,300 kilo, wanajeshi wakabeba, wafanyabiashara wa kawaida hawakuja, Novemba hiyo nililala mwenyewe chumba namba tisa kukagua kama jenereta bado linasikika. Linasikika.

Halafu vita vya Ukraine. Hii ndo sehemu ambayo nikiihadithia watu wanadhani natia chumvi. 2022 Ulaya inatafuta nishati isiyo ya Mrusi, gesi inapanda bei, huku kwetu mazungumzo ya LNG yakafufuka, Juni mwaka ule wakasaini makubaliano ya awali Ikulu, kila mtu Mtwara na Lindi akaanza kutafuta hati zake. Mimi safari hii sikununua hata ndoo ya rangi. Na wakati wote tunaangalia baharini, mlango wa nyuma yakaingia makaa ya mawe. Malori kutoka migodi ya Ruvuma, Songea Tunduru Masasi mpaka bandarini, foleni, usiku na mchana. Dereva amesubiri kushusha siku mbili anataka kuoga. Nikajaza vyumba vyote kumi na vinne bila tangazo.

Ila vumbi! Shuka zangu nyeupe za Kariakoo, zile za mzungu asiyezigusa, ziliisha kwa wiki mbili. Dereva anaoga vizuri kabisa anatumia nusu mche wa sabuni, asubuhi unakuta shuka ina picha yake, kichwa, mabega, kiwiko, kama kivuli kimelala. Binti wa kufua akaniambia mama mi naacha kazi. Nikaenda sokoni nikanunua shuka za kaki na za bluu iliyoiva, nikaweka bomba la maji uani na ndoo na brashi, mtu anajisugua nje kabla hajapanda ngazi. Ngazi zinazolingana.

Mkopo nilimaliza 2023. Ulikuwa wa miaka mitano.

Gesi yenyewe ipo, inafanya kazi, sio kwamba ni uongo. Pale Madimba kiwanda cha kusafisha kinaendeshwa na watu wachache sana, ukipita unaona uzio, taa na ukimya, kijana wa dada yangu mwingine alisomea uchomeleaji VETA kwa ajili ya gesi akapata miezi minane ya ujenzi kisha basi, sasahivi anachomelea mageti na ni fundi mzuri. Miaka mingi gesi ndo ilibeba zaidi ya nusu ya umeme wa nchi mpaka bwawa la Nyerere la megawati 2,115 lilivyokamilika. Mwanangu yule aliyekuwa anakohoa chooni sasa anaendesha bajaji Dar, ameweka mtungi wa gesi, anasema matumizi yamepungua karibu nusu ukilinganisha na petroli, shida foleni ya kujaza, kuna siku anaamka saa tisa usiku. Namwambia baba hiyo gesi imetoka nyumbani kwenu, ananijibu mama basi waambie waje na watu wa kujazia.

Na walioenda Msumbiji kuifuata kule Palma hawakuwa na bahati kuliko sisi. Binamu yangu alivuka Ruvuma kwenda kuuza nguo kwenye mradi, Machi 2021 magaidi walivyovamia Palma alitembea porini siku nne, akarudi na ndala moja. Hataki kusikia neno gesi, hata ya kupikia.

Kwa hiyo yule kijana wa Mitwero. Nilimuuliza maswali matatu. La kwanza, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza umetoka? Wanaita FID, na mpaka naandika hapa haujatoka. 2023 ilitangazwa mazungumzo yamekamilika, gharama inatajwa zaidi ya dola bilioni 40, tukasubiri kusaini, bado tunasubiri, na hata hao wakubwa sio kwamba wana uhakika, Equinor, kampuni ya Norway iliyomo kwenye mradi, mwanzoni mwa 2021 alifuta vitabuni karibu dola bilioni moja za mradi huuhuu. Wakazi wa Likong'o kule Lindi, unapotakiwa kujengwa mtambo, waliambiwa eneo lao limechukuliwa, wakakaa miaka hawajui wapande minazi au wasipande, fidia ikaja 2020. Mtambo wenyewe hata msingi hakuna.

La pili nikamuuliza, hela ni yako au ya mkopo. Akanyamaza kidogo. Kunyamaza huko nakujua.

La tatu, ukikaa nacho miaka kumi bila LNG hicho kiwanja kitakulisha nini? Akasema "mamdogo wewe umekatishwa tamaa tu". Nikamwambia sijakatishwa tamaa, nina wageni kumi na wawili hapa usiku huu, mmoja katundika shati lake kwenye mtungi wa kuzimia moto, ule wenye stika ya 2015, hebu nimtoe kwanza.

Jana usiku kanitumia picha kwenye WhatsApp, bikoni mbili za saruji na mnazi katikati. Nimemuuliza kuna barabara ya lori? Ameona, tiki za bluu, hajajibu.